Namna ya Kuandaa Mvinyo Mwekundu wa Chambolle-Musigny
Mvinyo mwekundu wa Chambolle-Musigny, kijiji kidogo cha Côte de Nuits katika eneo la Bourgogne nchini Ufaransa, hutengenezwa kwa zabibu za Pinot Noir zilizokuzwa kwenye udongo haba uliolala juu ya mawe ya chokaa, na ni chokaa hiyo, kwa maoni yangu, inayochangia zaidi wepesi wake na harufu yake ya maua. Usiunywe ukiwa na joto la chumba. Upoze hadi nyuzi 15 hivi za Selsiasi, uumimine taratibu katika glasi yenye tumbo pana, usivuke theluthi moja, kisha uunuse kwa utulivu kabla ya kuuonja. Chupa ya miaka mingi isimamishwe siku moja kabla, ili mashapo yatulie chini. Kuku wa kuoka au uyoga huufaa sana. Pilipili kali huufisha kabisa.