Kompresa Inawaka Ovyo? Tafuta Upepo Unapovujia

Kompresa ya gereji ikiwaka kila baada ya dakika chache ilhali hakuna anayetumia upepo, usianze kulaumu mota. Kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye fitingi.

Pima kwanza. Jaza tangi hadi bar 8 (bar ni kipimo cha presha), zima umeme, acha valvu ya kupeleka upepo kwenye mabomba wazi, kisha tazama geji. Tangi la lita 100 likishuka hadi bar 7 kwa dakika 5, unapoteza takriban lita 20 za hewa kila dakika. Jaza tena, safari hii valvu ikiwa imefungwa. Mshale ukitulia, tatizo liko kwenye mabomba na mipira. Ukiendelea kushuka, liko kwenye kompresa yenyewe.

Paka maji ya sabuni kila kiungo na usubiri: tundu dogo huchukua muda kutoa povu. Koneksheni za kuchomeka haraka ndizo wakosaji wakubwa, kwa sababu oringi (mpira wa duara wa kuziba) ya ndani hulika. Swichi ya presha ikipuliza mfululizo baada ya mota kuzima, usiibadilishe. Kagua valvu ya kuzuia upepo kurudi, pale bomba la kutoka kwenye pampu linapoingia tangini. Uchafu ukiishikilia wazi, upepo wa tangi hurudi na kutokea kwenye swichi.

Kabla ya kufungua chochote, toa upepo wote hadi geji isome sifuri.

Hesi zinahitaji jicho kali. Kuna aina mbili, BSP (ya Kiingereza) na NPT (ya Kimarekani). Za nusu inchi zote zina hesi 14 kwa inchi, kwa hiyo huingiliana vizuri, lakini pembe ya meno ni digrii 55 kwa BSP na 60 kwa NPT, na tepu ya kuzibia hesi haitaziba pengo hilo daima. Za robo inchi ni hesi 19 kwa BSP na 18 kwa NPT: zinashika kidogo kisha zinakwama. Usilazimishe kwa spana. Tepu izungushwe mara 3 kufuata mwelekeo wa kufunga, ukiacha hesi ya kwanza wazi, la sivyo vipande vyake vitaziba bunduki ya rangi.

Bomba la PVC la maji lisitumike kabisa. Likipasuka hurusha vipande vyenye makali.

Na povu likitokea chini ya tangi, kutu imelila kutoka ndani kwa maji yasiyomwagwa. Usilichomelee. Tangi hilo halifai tena.