Kuvua juu ya mwamba: tazama maji kabla ya kutia chambo

Wengi wanaozama wakivua mwambani hawakukusudia hata kulowa. Wimbi moja liliwafuata pale waliposimama. Kwa hiyo, ukifika, kaa juu uyatazame maji nusu saa nzima kabla ya kushuka.

Nusu saa, kwa sababu mawimbi makubwa huja kwa mafungu. Bahari inaweza kutulia dakika 10 au 15, kisha yakafuatana matatu manne yakapanda hadi pale ulipotaka kuweka ndoo. Utabiri ukitaja mawimbi ya mita 2, hiyo ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Mojamoja laweza kukaribia mita 4. Hesabu pia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Zikifika 12 au zaidi, hayo yametoka kwenye dhoruba ya mbali na yana nguvu nyingi, hata kama kwako jua linawaka na upepo umelala.

Jiwe lililolowa, lenye utelezi wa kijani, linafikiwa na maji: usisimame hapo. Jiwe kavu nalo huenda limekauka kwa sababu tu maji yamekupwa, kwa hiyo jua saa ya maji kujaa na njia yako ya kutokea.

Vaa jaketi okozi la sponji. La kujazwa gesi hutobolewa na ncha za mwamba, na sponji hukinga mbavu pia. Kaza mikanda yote. Lililolegea hupanda usoni. Viatu vya njumu za chuma hushika vizuri penye mwani. Mabuti marefu ya mpira yaache, kwani yakiingia maji huwezi kupiga miguu.

Sasa kosa linaloua watu wazoefu: ndoana imenasa, au samaki kachomoka ukingoni, mtu anashuka hatua mbili kumfuata, macho chini. Kata mshipi! Samaki mpandishe kwa wavu wa mpini mrefu, huku umeielekea bahari.

Ukianguka, ogelea kwenda nje, hadi upite pale mawimbi yanapovunjika. Mwili utataka kurudi mwambani. Usiufuate, utapigizwa jiweni, na maji ya povu yamejaa hewa, hayakubebi sawasawa. Lala chali, elea, punga mkono mmoja.

Mwenzako asiruke kukufuata. Atupe boya lenye kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, kisha apige simu ya dharura. Mkiwa watatu ni bora zaidi: mmoja apige simu, mwingine akunyooshee kidole bila kubandua macho kwako, maana kichwa cha mtu hupotea upesi kati ya mawimbi.