Kumuuguza mtu mwenye mafua, koo na sainasi nyumbani kipindi hiki cha baridi

Mwezi wa sita mpaka wa nane huku Mbeya, na ukipanda Makete na Njombe ndo usiseme, kila nyumba kuna mtu anakohoa. Na kinachoniuma ni kwamba watu wanakimbilia dawa ila uuguzi wenyewe haupo, wakati mafua yanaletwa na virusi na antibayotiki haiui virusi, utameza amoksilini yako na mafua yataisha siku zake zilezile 7 mpaka 10. Kikohozi kinaweza kubaki hata wiki 2 au 3, usihangaike nacho sana kama mtoto anakula na anacheza.

Anza na pua. Kichanga anapumulia pua, ikiziba anashindwa kunyonya, anashika ziwa anaachia analia, watu wanasema kakataa ziwa kumbe hapati hewa. Chemsha maji kisawasawa, robo lita hivi, weka chumvi nusu kijiko cha chai, acha yapoe mpaka vuguvugu. Mlaze chali, dondosha matone 2 au 3 kila tundu, subiri kidogo afu futa na kitambaa laini au vuta na kile kipira cha kuvutia makamasi. Fanya kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala, na kila siku tengeneza maji mapya. Kumvuta kwa mdomo hapana, unamwongezea vijidudu vyako.

Halafu anywe. Uji wa ulezi mwepesi, supu, chai ya tangawizi, kidogo kidogo ila mara nyingi, na wa chini ya miezi 6 ni ziwa tu, mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Asali kijiko kimoja cha chai usiku inatuliza kikohozi kweli, ila mtoto hajafika mwaka 1 usimpe hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu vya kumlegeza mwili mzima mpaka ashindwe kupumua. Mkubwa asukutue koo na maji ya chumvi ya uvuguvugu.

Homa ni panado (kwenye chupa huandikwa paracetamol), kwa kilo sio kwa kukadiria: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 10 anapata 100 mpaka 150, kila baada ya masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa, kuna dawa za mafua za mchanganyiko ambazo tayari zina panado ndani, ukimpa zote mbili umezidisha. Aspirini usimpe mtoto. Na wa chini ya miezi 2 akipata homa usimtibu nyumbani, mpeleke hospitali.

Jamani jiko la mkaa. Najua baridi ya Uyole usiku ilivyo, lakini kuingiza jiko chumbani mkafunga mlango na dirisha mnalala na hewa ya sumu isiyo na harufu, watu hawaamki, na hata mkiamka moshi umemzidishia mtoto kikohozi. Sweta, soksi, boshori, blanketi, inatosha, na akiwa na homa mpunguzie nguo.

Koo likiuma na homa kali, hana mafua wala kikohozi, tonsesi zimevimba zina usaha mweupe na mitoki ya shingo imejaa, hapo huenda ni bakteria, nenda zahanati mkapimwe. Akiandikiwa antibayotiki amalize dozi hata kama koo limepoa siku ya tatu, maana koo la hivyo lisipotibiwa linaweza kuja kuharibu moyo wa mtoto. Na kimeo msikate, nawasihi, kimeo sio chanzo cha kikohozi, mtoto anavuja damu, anapata pepopunda, wengine wanafariki.

Sainasi, uso unauma ukiinama: maji ya chumvi puani, panado, ikipita siku 10 au ikapoa ikarudi kwa nguvu muone daktari. Damu ya pua, ainamishe kichwa mbele, sio nyuma, bana sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuachia.

Sasa pumzi, hii kila mzazi aijue. Mtoto akiwa ametulia mpandishe nguo, angalia kifua na tumbo, hesabu dakika 1 nzima na saa ya simu. Chini ya miezi 2 ikifika 60, miezi 2 mpaka 11 ikifika 50, mwaka 1 mpaka 5 ikifika 40, hiyo sio mafua tena, inaweza kuwa nimonia. Au kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, anavuta hewa kwa sauti ya kukoroma akiwa macho na ametulia, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, au amelegea haamki vizuri, usisubiri kukuche. Anza na kituo kilicho karibu, kama uko mbali milimani hata zahanati inaweza kumpa dozi ya kwanza kabla ya rufaa, na njiani mfunike vizuri ila uso uwe wazi, na kama ananyonya na anaweza kumeza endelea kumnyonyesha.