Pambo la Urithi Lisivunjike Krismasi Hii

Pambo la kioo la zamani huponzwa zaidi na kofia yake kuliko na mikono ya watoto. Kofia ni kile kibati kinachokaa juu ya shingo. Ndani yake mna waya wenye miguu miwili inayojitanua ikishaingia shingoni. Miaka ikipita, miguu hiyo hulegea au hushika kutu, na siku moja mpira wa kioo unachomoka wenyewe huku kofia ikibaki inaning'inia tawini.

Kwa hiyo kagua kabla ya kutundika. Tandika taulo mezani, shika mwili wa pambo kiganjani, kisha vuta kofia polepole. Ikitoka bila kukaza, chomoa waya, tanua miguu yake kidogo kwa vidole, ibane tena na uirudishe. Usiitanue kupita kiasi: shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote na hupasuka ukiisukuma kwa ndani. Waya wenye kutu tupa, weka mpya.

Shingo ikiwa imemeguka, igandishe kofia kwa gundi nyeupe ya mbao, uiache ikauke usiku kucha. Supa gluu iepuke hapa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo, na ukikosea ni vigumu kurekebisha.

Vumbi litoe kwa brashi laini iliyo kavu, basi. Mng'ao wa fedha wa mapambo mengi ya zamani umepakwa ndani ya kioo na rangi imepakwa nje; maji yakipenya shingoni fedha hubanduka, na kitambaa kibichi huondoka na rangi. Kilichotoka hivyo hakirudi.

Mapambo ya unga na chumvi, yale yenye alama ya kiganja cha mtoto, yana adui mwingine. Chumvi hunyonya unyevu, pambo likalainika, na unga ukawaita wadudu. Ukiona vitundu au ungaunga chini yake, lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka lifikie joto la chumba, la sivyo umande utalilowesha. Kisha lipake vanishi mara mbili, mbele, nyuma na ndani ya tundu la uzi. Wengi husahau nyuma, na ndiko unyevu unakoingilia.

Kuhusu mti wenyewe: taa kwanza, mapambo baadaye, kwani kuvuta waya wa taa kati ya matawi yaliyokwisha kupambwa huangusha vitu vingi. Kila kipande cha urithi kifunge kwa waya mwembamba uzungushwe tawini mara mbili, karibu na shina. Ndoano iliyo wazi haitoshi. Tawi likiinama, hamisha. Ya karatasi na kitambaa yakae mbali na balbu zinazopata moto. Shina nalo lifunge kwa mshipi wa kuvulia samaki, kwenye theluthi mbili za urefu wake, kwenda kwenye kulabu mbili za ukutani zilizo pande tofauti. Mti ukianguka, kazi yote ya juu ni bure.

Nyuzi za mapambo za zamani zenye rangi ya fedha, zilizo nzito na zinazolala bila kurukaruka, huenda ni za risasi, metali yenye sumu. Usizitundike nyumba yenye watoto wadogo au paka.

Pambo la kioo likivunjika licha ya yote, usikimbilie ufagio. Okota vipande vikubwa ukiwa na glavu, uvitie pamoja na kofia yake ndani ya mpira wa plastiki angavu unaofunguka katikati. Utatundikika mwakani kama kawaida.

Wakati wa kuhifadhi, funga kila pambo kwa karatasi laini nyeupe isiyo na asidi. Wino wa gazeti huhamia kwenye rangi. Mazito yakae chini, kioo juu, sanduku likae kabatini, mbali na joto la darini. Ndani tia kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: nani alilitoa, mwaka gani.