Jinsi ya kumfuatilia nyegere porini bila kumsumbua

Wengi wanaojitolea kwenye hii kazi wanakuja na hamu ya kumuona nyegere mwenyewe, sasa nawaambia mapema tu, unaweza kumaliza miezi usione hata mkia. Unasoma alichoacha.

Hatua ya 1: Kibali. Omba kwa wenye eneo, na usiende peke yako. Basi.

Hatua ya 2: Nyayo, na hapa ndo penyewe. Toka asubuhi jua likiwa bado chini, mwanga wa ubavuni unatia kivuli ndani ya alama, ikifika saa sita mchana alama hiyohiyo unaikanyaga hujui. Hesabu vidole: mbwa, fisi na chui wanaacha vinne, nyegere vitano. Halafu angalia mguu wa mbele, utakuta vitundu vya kucha vimekaa mbali kabisa na vidole, kama mtu kachoma mchanga kwa msumari. Weka rula pembeni, piga picha kutoka juu yake moja kwa moja, ukipigia kando vipimo vinadanganya. Mi nilipoanza nilirudi na picha kibao hazina rula hata moja, zikabaki mapambo ya simu.

Hatua ya 3: Fuata njia yake. Vishimo vibichi, mzinga uliopasuliwa, kinyesi chenye manyoya na magamba ya wadudu. Shimoni usitie mkono, tafadhali. Andika GPS (namba za mahali ulipo), tarehe na saa, na siku ukitoka kapa andika pia, maana usipoandika ramani itaonyesha watu walikopita na sio nyegere anakoishi.

Hatua ya 4: Kamera, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita. Ifunge chini ya goti, huyu mnyama begani ni kama sm 25 tu, wengi wanafunga juu wanaambulia picha za majani. Fyeka nyasi za mbele, upepo ukizichezesha memori kadi inajaa upuuzi. Asali ya kumvutia usiweke, unamfundisha kufuata mizinga ya watu.

Wiki ikipita bure usihamishe kamera haraka. Kule Kalahari, kusini mwa Afrika, madume waliofungwa kola za redio za kuwafuatilia walikuwa wanazunguka eneo la wastani wa zaidi ya km za mraba 500, majike kama km za mraba 126, kwahiyo anaweza akawa yuko mbali sana ila atarudi.

Ukikuta mtego wa waya usiuguse, chukua GPS na picha, ondoka, wapelekee askari wa wanyamapori siku hiyohiyo.