SOMO: Roketi inavyopima umeme wa ionosfia ya ikweta (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, swali ni lile lile kila mara. Mtu kapakua data ya roketi, kapiga hesabu, kapata uga mkubwa wa umeme kule juu kwenye ionosfia (tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme), sasa anataka kujua kama amegundua kitu. Hujagundua kitu. Naandika mara moja, ukija inbox nakurudisha hapa.

Kwa nini roketi? Setilaiti ikishuka chini ya kilomita 150 hivi hewa inaivuta na haikai. Puto la utafiti huishia kwenye kilomita 40 hivi. Mkondo wa umeme wa ikweta unapita kilomita 105 kutoka ardhini, ambako si setilaiti wala puto linafika. Rada inauona kutoka chini, lakini kuingia ndani yake ukapima ni roketi tu, tena kwa dakika chache.

1. Mahali. Ikweta inayohusika ni ya sumaku (pale sumaku ya Dunia inapolala sambamba na ardhi), si ya ramani. Ndiyo maana Wahindi walikwenda Thumba, Kerala, wakarusha ya kwanza 21 Novemba 1963. Wamarekani wamerusha kutoka Punta Lobos, Peru (1983) na Kwajalein, Visiwa vya Marshall (2013).

2. Saa. Ukitaka mkondo, rusha mchana, karibu na saa sita. Ukitaka mapovu ya plazma (plazma ni hiyo hewa yenye chaji, povu ni sehemu yake yenye elektroni chache), subiri jua lizame. Giza likiingia, tabaka la chini hupoteza elektroni haraka na lile zito, lenye elektroni nyingi, linabaki juu bila kitu cha kulishika, kama maji yaliyomiminwa juu ya mafuta. Likitikisika kidogo tu, sehemu nyepesi zinachomoza kwenda juu.

3. Subiri rada. Peru wanayo rada ya Jicamarca, dipoli (antena ndogo) 18,432 kwenye uwanja wa mita 300 kwa 300. Ikionyesha mapovu yanapanda, ndipo amri inatolewa.

4. Rusha. Kazi ya wenyewe, haituhusu.

5. Mikono. Kifuniko cha mbele kinatupwa, mikono inafunguka, nchani kuna matufe. Chukua tofauti ya volti kati ya matufe mawili, gawanya kwa umbali wao. Roketi inajizungusha, kwa hiyo uga wa umeme unatoka kama wimbi, na kasoro za matufe yenyewe zinabaki mstari ulionyooka. Pima wimbi, achana na mstari.

6. ONDOA MWENDO WA ROKETI. Hapa ndipo mnapoanguka wote. Chombo kinachokata uga wa sumaku kinajitengenezea umeme wake. Pale ikweta sumaku ni kama tesla 0.00003, imelala kuelekea kaskazini. Roketi ikipanda kwa kilomita 1 kwa sekunde, matufe yanasoma milivolti 30 kwa mita upande wa magharibi. Uga halisi wa mashariki-magharibi unaoutafuta ni kama nusu milivolti! Kwa hiyo urefu wa mikono ukikosewa kwa asilimia 2 tu, jibu lako lote ni takataka. Uelekeo wa roketi ukikosewa kwa digrii 1, nusu milivolti inahamia kwenye uga wa wima.

Onyo la pili, na hili ni baya zaidi: kasi unayoondoa iwe ile inayopimwa kwa Dunia inayozunguka, si kwa nyota. Plazma ya huko inazunguka pamoja na Dunia. Ukichukua kasi ya mfumo wa nyota umeongeza mita 465 kwa sekunde kwenda mashariki, yaani unaondoa milivolti 14 za kwenda juu ambazo hazikuwapo. Uga wa wima ndani ya mkondo wa mchana ni wa kiwango hicho hicho, kwa hiyo kosa litaonekana zuri kabisa na hutashtuka.

7. Linganisha na kipimo cha elektroni cha roketi hiyo hiyo, kisha na rada.

Maswali hapa chini.

---

mzalendo_254: Boss, Malindi iko ikweta na Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini. Si wangerushia hizi hapo?

Mleta somo: Hatua ya 1 umeiruka. Malindi iko nyuzi 3 kutoka ikweta ya ramani. Ya sumaku inapita Ethiopia. Jukwaa la San Marco lilifaa sana kwa setilaiti, setilaiti ya Uhuru ilitoka hapo 12 Desemba 1970, na zile mita 465 huko ni msaada wa bure. Kwenye hesabu yako ni sumu.

Kijana Mpole: nimepata milivolti 31 nimegundua nini

Mleta somo: Hatua ya 6.

Kijana Mpole: we jibu tu mkuu mbona maringo

Mleta somo: Nimeandika aya mbili nzima juu ya namba hiyo. Hatua ya 6.

Binti_Fizikia: Shikamoo mwalimu. Kama kujizungusha kunatenga kasoro za matufe, kwa nini kusitenge na huu umeme wa mwendo?

Mleta somo: Marahaba binti, swali zuri. Kasoro ya tufe inazunguka pamoja na roketi, ndiyo maana haigeuki. Umeme wa mwendo umefungwa na sumaku ya Dunia, kwa hiyo roketi inauzunguka kama inavyouzunguka uga halisi, na vyote vinatoka wimbi moja. Ila kuna mtego wa kuukamata: roketi ikianza kushuka, sehemu yake ya mashariki-magharibi inageuka alama. Ukishaondoa mwendo, chora kilichobaki. Kama bado kinageuka pale kileleni, umbali wa matufe uliotumia una kosa. Rekebisha mpaka kugeuka kuishe.

Binti_Fizikia: Kumbe kushuka nako kuna faida. Asante sana.

fundi_ramani_Dom: Nje ya mada kidogo. Mashine yangu ya upimaji wa ardhi inapoteza fix (uhakika wa mahali ilipo) kuanzia saa mbili usiku, mwezi Machi ndiyo balaa. Ni hayo mapovu?

Mleta somo: Inaelekea. Elektroni nyingi hurundikana nyuzi 15 hivi kila upande wa ikweta ya sumaku, na Tanzania ya kati iko karibu na rundo la kusini. Povu likipita hapo mawimbi ya setilaiti yanayumba vibaya, hasa Machi na Septemba miaka ambayo jua limechangamka.

mzee_wa_RTK: Fundi, washa na Galileo (setilaiti za Ulaya) na BeiDou (za China), usitegemee GPS peke yake. Povu haliwezi kufunika anga lote kwa pamoja. Na pointi za mpaka chukua asubuhi, usiku uchakate.