Demensia kabla ya miaka 65: namna ya kuitambua, kuithibitisha na kuishi nayo

Mtu wa kwanza kuelezwa kitaalamu kuwa na ugonjwa ambao leo unaitwa Alzheimer hakuwa bibi kizee. Auguste Deter alikuwa na umri wa miaka 51 alipolazwa mwaka 1901 katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Frankfurt, Ujerumani, ambako daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika majibu yake kwa makini. Kabla ya kusahau kwake kuwa kukubwa, mumewe alikuwa ameona jambo jingine: mkewe alikuwa amejaa wivu usio na sababu. Alifariki mwaka 1906, na mwaka huohuo daktari huyo akaueleza ugonjwa wake mbele ya wenzake. Inashangaza, basi, kwamba maradhi yaliyojulikana kupitia mwanamke wa miaka 51 yamekuja kuhesabiwa kuwa ya wazee peke yao, na dhana hiyo ndiyo inayowachelewesha wagonjwa wengi wa umri wa kati kupata jibu.

Demensia ni jina la jumla la kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra, lugha au mwenendo kunakosababishwa na magonjwa ya ubongo, Alzheimer ukiwa mmojawapo, na kufikia kiwango cha kumzuia mtu kuendesha shughuli zake za kila siku. Dalili zikianza kabla ya miaka 65, huitwa demensia ya mapema. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa aina hii inafikia hadi asilimia 9 ya wagonjwa wote wa demensia. Tofauti yake kubwa na ile ya uzeeni ni maisha inayoyakatiza, kwa sababu mgonjwa bado ana kazi, madeni, watoto wanaomtegemea na mwili wenye nguvu. Kwa hiyo lipo jambo moja ambalo mwongozo huu utalirudia: kipindi ambacho mgonjwa bado anaweza kuelewa, kuamua na kutia saini ni kifupi, na kila kinachoweza kufanywa ndani yake kifanywe.

Dalili zinazopotosha

Watu wengi husubiri kusahau, lakini kwa wagonjwa wa umri wa kati kusahau si lazima kuje kwanza. Katika demensia inayoshambulia sehemu ya mbele na za pembeni za ubongo, kinachobadilika mwanzoni ni tabia: mtu mpole anakuwa mkavu, haguswi na msiba wa mwenzake, anatumia fedha ovyo, anasema mbele za watu maneno ambayo zamani yangemwaibisha, au anakula vitu vitamu bila kiasi. Familia husema amepata ulevi au mpenzi wa siri, na ndoa huweza kuvunjika kabla ugonjwa haujapewa jina. Wengine hupoteza maneno, wakaita kila kitu "kile kidude". Wapo pia ambao Alzheimer huanzia kwao katika sehemu ya nyuma ya ubongo inayotafsiri kinachoonwa. Hawa hubadilisha miwani mara kadhaa, ilhali macho yao ni mazima na tatizo lao ni kushindwa kupima umbali, kusoma mstari ulionyooka au kukiona kitu kilicho mbele yao.

Kazini dalili hujitokeza mapema kuliko nyumbani, kwa kuwa kazi inadai kupanga, kuhesabu na kukumbuka mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Mhasibu aliyesifika kwa usahihi akianza kukosea hesabu nyepesi, au fundi akisahau mpangilio wa hatua alizozifanya kwa miaka 20, jambo hilo lina uzito kuliko kusahau jina la jirani. Kipimo sahihi ni kumlinganisha mtu na alivyokuwa yeye mwenyewe, wala si na watu wengine.

Anzeni daftari. Andikeni tarehe na tukio halisi: "Jumanne amelipa deni moja mara mbili, na alipoelezwa alikana." Sentensi kama hiyo humsaidia daktari zaidi ya malalamiko ya jumla kwamba fulani amebadilika.

Kutafuta jibu hospitalini

Mgonjwa asiende peke yake. Mara nyingi hatambui upungufu wake, na si kwa ukaidi, bali kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kuharibu uwezo wa kujitambua. Ndiyo maana daktari anahitaji pia kuzungumza na mtu anayeishi naye. Beba daftari lile pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za usingizi na za mzio, kwani baadhi ya dawa huvuruga kumbukumbu.

Hatua inayofuata ni kuondoa sababu zinazotibika, na hapa familia isione haya kuuliza. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya thairoidi, sonona, kukatikakatika kwa pumzi usingizini, kaswende iliyofika kwenye ubongo, maambukizi ya VVU, unywaji mwingi wa pombe, damu iliyovilia juu ya ubongo baada ya kuanguka, na maji yanayojaa ndani ya ubongo, vyote vinaweza kufanana na demensia, na vingi kati ya hivyo vina tiba ikiwa vitagunduliwa mapema. Vipimo vya damu, maswali ya kupima kumbukumbu na fikra, na picha ya ubongo kwa CT au MRI ndivyo vya kawaida. Panapowezekana, maji ya uti wa mgongo huchunguzwa pia. Daktari akikujibu kwamba huo ni uchovu au mabadiliko ya kukoma kwa hedhi bila kupima chochote, omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Dai kuambiwa ni demensia ya aina gani, kwa maana jina linaongoza tiba. Dawa za donepezil, rivastigmine na galantamine huweza kupunguza dalili za Alzheimer kwa muda, lakini hazisaidii demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo na zinaweza kuzidisha fujo za tabia. Mwenye demensia ya miili ya Lewy, yaani ile inayotokana na vijibonge vya protini ndani ya seli za ubongo, akipewa dawa fulani za kutuliza wagonjwa wa akili anaweza kudhurika vibaya sana. Ikiwa chanzo ni mishipa ya damu, kudhibiti shinikizo la damu, kisukari na uvutaji wa sigara kunaweza kuzuia kiharusi kingine.

Kuhusu urithi, hofu ni kubwa kuliko hali ilivyo. Kasoro katika jeni za APP, PSEN1 na PSEN2 husababisha Alzheimer ya mapema katika familia chache tu, ingawa humo kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Iwapo ukoo una wagonjwa kadhaa wa umri mdogo, onaneni na mshauri wa masuala ya urithi kabla ya kupima, kwa kuwa jibu la kipimo hicho haliwezi kurudishwa.

Wakati saini yake bado ina nguvu

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza, kwa kuwa huzuni ya siku za mwanzo hufanya makaratasi yaonekane jambo la aibu. Sheria kwa kawaida humtaka mtu aelewe anachokitia saini; akishapoteza uelewa huo, hata mwenzi wake wa ndoa huweza kulazimika kwenda mahakamani ili kusimamia mali yao. Basi ndani ya wiki chache za kupata jibu, mtafuteni mwanasheria aandae hati ya uwakili itakayoendelea kuwa halali baada ya uwezo wake kupotea, pamoja na wosia. Mwenyewe aseme, na maneno yake yaandikwe, ni nani atakayemwamulia kuhusu matibabu, na ni mambo gani hataki kufanyiwa siku atakapokuwa hawezi kusema.

Kuhusu kazi, asiandike barua ya kujiuzulu kwa hasira au aibu. Anayejiuzulu anaweza kupoteza mafao ambayo angeyapata kwa kustaafu kwa sababu ya ugonjwa, na anayefukuzwa kwa uzembe kabla ya kupimwa anaweza kupoteza zaidi. Someni mkataba na masharti ya bima kwanza, kisha mwajiri aelezwe kwa barua ya daktari. Mara nyingine kazi nyepesi au saa chache humwezesha kuendelea kwa muda. Orodhesheni madeni, akaunti na nywila, na wekeni kikomo cha fedha anazoweza kutoa bila mtu wa pili kujua. Suala la kuendesha gari lipelekwe kwa daktari, ili katazo litoke kwake na lisigeuke ugomvi wa nyumbani.

Nyumbani

Miezi ya mwanzo baada ya jibu ina hatari yake, kwa kuwa mgonjwa bado anaelewa vizuri kinachomjia. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, na akikiri apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Watoto waambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wao, hasa kwamba hasira au ubaridi wa mzazi unatokana na ugonjwa na hawakuusababisha. Mgonjwa abakiziwe kazi anazoziweza, hata akizifanya polepole: kukunja nguo, kumwagilia bustani, kutembea kila siku saa ileile. Sentensi ziwe fupi, swali liwe moja kwa wakati mmoja. Akidai kwamba ameibiwa pochi, ubishi hausaidii. Itafuteni pamoja naye. Na kwa kuwa ana miguu yenye nguvu, anaweza kwenda mbali sana kabla hamjagundua. Awe na kitambulisho chenye namba ya simu, na picha yake ya karibuni iwe tayari.

Anayemtunza, ambaye mara nyingi ni mke au mume aliye bado kazini, hukonda kimyakimya. Ndugu wanaosema "tuambie ukihitaji msaada" wapewe jibu la papo hapo: siku, saa na kazi, kwa mfano kukaa naye kila Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa saba, na jina la atakayeshika zamu hiyo liandikwe kwenye kalenda kabla hajaaga.